Kanga ya Sanduku la Papa

Sijipaki manukato matamu wakati wa joto, na mtu akinizawadia chupa yenye harufu ya vanila namshukuru kwa adabu zote, kisha naigawa. Rafiki zangu wanaujua ubishi wangu huu na wameshachoka kubishana nami. Matamutamu ni ya miezi ya baridi, au ya watu wanaoshinda kwenye viyoyozi. Ukijipaka hayo Kilosa wakati majani yamekauka na mvua ya vuli inatuchungulia tu kutoka milimani, kabla jua halijafika utosini yameshachacha, nawe unatembea nayo kama muuza miwa anavyotembea na nzi. Joto linataka harufu kavu, yenye chumvi na mbao. Jasho lenyewe ni chumvi, na chumvi kwa chumvi hazigombani.

Hili sikufundishwa na muuza manukato yeyote. Nililijua tangu nikiwa mtoto wa shule ya msingi, ila sikujua kwamba nalijua, mpaka juzijuzi hapo Dumila.

Nilikuwa natoka Morogoro kwenda Kilosa kumchukua mama, ili twende pamoja Mikumi kwenye hitma ya Bi Mwanahawa, mama mkubwa wa shemeji yangu Ramadhani. Basi likasimama Dumila abiria wachimbe dawa. Kati ya muuza nyanya na mchoma mahindi alikuwepo dada mmoja mwenye kimeza cha kioo, amepanga vichupa vya mafuta ya kunukia, yale ya kupimiwa kwa bomba la sindano. Aliponiona natazama akaniwahi.

"Dada mkubwa, jaribu hii. Ya kiangazi hii, mpya. Inaitwa Bahari."

Nikacheka. Nimeshanusishwa Bahari nyingi katika maisha yangu na zote zilinuka sabuni ya kuogea. Akanipaka tone moja mkononi bila kunisubiri. Kwanza ikaja chumvi, ile inayobaki shingoni jasho likishakauka. Nikataka kuondoa mkono. Halafu nyuma ya chumvi ikaja mbao, mbao kongwe iliyoanikwa juani, na ndani ya mbao kukawa na kitu kingine cha mbali kama moshi. Nikasahau kama kuna basi. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya chumba chetu Kilosa, kichwa changu kimezama ndani ya sanduku la mninga, na mama nyuma yangu anasema nisije nikatumbukia humo.

"Umeipenda?" akauliza yule dada.

"Naijua," nikamwambia. "Nipimie."

Mama yangu alikuwa akiuza papa. Papa mkavu wa chumvi, aliyekuja kwa treni kutoka pwani akiwa kwenye makanda, akashushwa stesheni ya Kilosa, na jioni ileile mama akawa ameshamkatakata na kumpanga mezani sokoni. Baba alilima mpunga na mahindi huko Zombo, akija nyumbani kwa baiskeli mwisho wa juma, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ya wanawake watatu: mama, dada yangu Sauda, na mimi kitinda mimba. Na wa nne alikuwa papa. Akiba ya biashara ilikaa kwenye sanduku kubwa la mninga lililotengenezwa na fundi wa pale mtaani, lenye pembe za bati na bawaba zilizolia kama mbuzi kila lilipofunguliwa. Panya hawakuliweza.

Mama alipenda kunifungulia sanduku lile na kuniambia, "Nusa. Hii ndiyo bahari." Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuiona. Lakini alisema kwa uhakika kabisa, nami nikamwamini, nikaamini pia kwamba bahari ni kitu cha mbao. Nilipoambiwa shuleni kuwa bahari ni kubwa, nikawaza sanduku kubwa. Nilipokuja kuiona kweli Dar es Salaam, nimeshakuwa msichana, nilisimama pale ufukweni nikaona imepungukiwa na kitu. Chumvi ilikuwepo. Mbao haikuwepo.

Nyani haoni kundule, na muuza papa hasikii papa wake. Sisi hatukuisikia ile harufu tena. Wenzangu shuleni waliisikia, wakabana pua zao nikipita. Mimi nilikuwa na mdomo na ngumi, sikudhurika sana. Aliyeumia ni Sauda. Alikuwa binti mkubwa, mzuri wa sura na wa tabia, na wakati huo alikuwa ameshaposwa mara moja na watu wa Morogoro mjini. Walikuja, wakanywa soda, na mmoja wa kina mama wale aliushika upindo wa ushungi wake puani tangu alipoingia mpaka alipotoka. Waliondoka wakisema watarudi na jibu. Wakala kona. Mtaani watu hawakusubiri kuelezwa sababu, wakajieleza wenyewe.

Ndipo akatokea Ramadhani, fundi magari wa Mikumi. Alikuja Kilosa kutengeneza lori lililoharibikia karibu na soko, akamwona Sauda mezani kwa mama, na lori lile likachukua muda mrefu sana kupona. Sauda akampenda. Alimpenda hivi kwamba hata mimi mtoto nilimwona akitabasamu peke yake anapopepeta mchele. Lakini Ramadhani alikuwa yatima, amelelewa na mama yake mkubwa huko Mikumi, na alisema wazi kuwa bila radhi ya mama yake huyo haoi. Na mama huyo akatuma habari kwamba kabla ya posa atakuja mwenyewe kutuona. Kuona nyumba, kuona watu. Ndivyo ilivyokuwa kwetu: kabla ya wazee wa kiume kuja na maneno yao, wanawake hupita kwanza na macho yao.

"Mama," Sauda akasema usiku mmoja tukila viazi, na mpaka leo naikumbuka sauti yake, "nakuomba. Siku hiyo moja tu, papa asiwepo."

"Papa ndiye anayekuvisha wewe."

"Najua, mama. Sijamkana. Lakini hawa nao wakikataa, mimi sitaki kuposwa tena. Nitakaa hapahapa nizeeke na mizani yako."

Mama alitafuna kiazi chake kwa muda. Alikuwa mwanamke wa kujiamini, hakuwa akiona haya mbele ya mtu, lakini Sauda alikuwa mtoto wake wa kwanza. "Haya," akasema. "Siku moja."

Wakati huo papa alikuwa ameshahamishwa sandukuni. Mama alikuwa amenunua pipa la plastiki, sanduku akalisugua kwa majivu, mchanga na malimau, akalianika juani siku nyingi, akalifukiza udi, kisha akaweka humo kanga zake za kutokea. Basi kabla ya ugeni, pipa likabiringishwa mpaka kwa jirani yetu Mama Neema, ambaye alilipokea huku akicheka kwamba sasa kanisani watamkimbia yeye. Sauda akadeki nyumba nzima kwa maji ya limau. Akachoma udi mpaka nikakohoa. Na kwa kuwa hakuwa na imani na zile kanga za sandukuni, akaazima kwa Mama Neema doti mpya iliyokuwa bado na ukakamavu wa dukani, ili wageni wakitaka kujifunika wawe na kitu kisicho na historia.

Bi Mwanahawa akafika na jirani yake mmoja, mchana wa jua kali, wote wamepakwa vumbi la njia ya Mikumi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mama mrefu, mkavu, asiyegawa meno ovyo. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitika, "Marahaba," akaniangalia toka juu mpaka chini kama mtu anayechagua nazi. Nikaona wazi kwamba dada yangu amekwisha.

Kabla hawajakaa sawasawa ikasikika adhana ya adhuhuri. Wakaomba maji ya udhu, na wakaomba kanga za kuswalia, maana zao zilikuwa vumbi tupu. Hapo ndipo hesabu ya Sauda ilipomgeukia. Doti ni kanga mbili, moja ya kujitanda na moja ya kujifunga. Yule jirani yake aliwahi kutoka bafuni, akapewa doti nzima ya Mama Neema, akajisitiri nayo vizuri kabisa. Bi Mwanahawa akatoka nyuma yake, uso unachuruzika maji, akasimama anasubiri.

Sauda na mimi tulikuwa jikoni, tunapakua kuku. Tukasikia bawaba zikilia kama mbuzi. Sauda akaweka upawa chini, akafumba macho. Nami nikashikwa na hasira na lile sanduku kana kwamba ni mtu.

Nikatoka mbio nikaenda kuchungulia kwenye pazia. Bi Mwanahawa alikuwa amejitanda ile kanga nyekundu ya mama yenye maandishi *Mgeni njoo mwenyeji apone*. Alisimama vizuri. Akarukuu vizuri. Akasujudu, na alipoweka paji la uso chini, kanga ikamwangukia usoni kote, na hapo akabaki. Jirani yake akainuka. Yeye hakuinuka. Nikasubiri. Nikarudi jikoni.

"Dada, mgeni amezimia."

"Nini?"

"Papa amemzimisha. Hainuki."

Sauda alikuja na mimi, akatupa jicho kwenye upenyo wa pazia, akaniziba mdomo kwa mkono wake uliokuwa unanuka malimau. Bi Mwanahawa aliinuka mwishowe. Akasujudu tena, na safari hiyo pia akakaa huko. Alipotoa salamu, macho yake yalikuwa mekundu na mashavu yamelowa. Mimi nilijua vitunguu vinatoa watu machozi. Nikajua sasa kwamba papa pia anaweza.

Alitokea ukumbini akiwa bado amejitanda ile kanga. Hakukaa.

"Mama Sauda," akasema, "hii kanga ilikuwa imekaa wapi?"

"Sandukuni."

"Na hilo sanduku lilikuwa na nini?"

Nilimtazama mama. Sauda naye alimtazama kutoka mlangoni, sahani ya kuku mikononi. Ilikuwa rahisi sana kusema udi. Ilikuwa rahisi kusema nguo. Mama akanyoosha mgongo.

"Papa," akasema. "Miaka tele. Mimi nauza papa, mwenzangu, nyumba hii imejengwa na papa, na watoto hawa wamekulia katika harufu hiyo. Leo tumemficha kwa ajili yako, na nimeona vibaya kumficha. Kama inakukera, bora uijue sasa kuliko uje kuijua baadaye."

Sauda aliiweka sahani chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Nionyeshe hilo sanduku," akasema Bi Mwanahawa.

Akaonyeshwa. Akapiga magoti, mtu mzima yule, akaingiza kichwa ndani kama nilivyokuwa nikifanya mimi, na sauti yake ikatoka humo ikiwa nzito. Alisema yeye ni mtu wa Pangani. Alitoka kwao akiwa na umri kama wa mtoto huyu, yaani mimi, baba yake alipokuja huku kufanya kazi ya mkonge. Mama yake alikuja na kasha la mbao lililokuwa likiwekwa samaki wa chumvi kabla halijawekwa nguo, na kasha hilo ndilo lililokuwa Pangani yao, maana kila mama yake alipoona upweke alilifungua akanusa. Mama huyo alipofariki, mchwa wakalila.

"Tangu hapo sijanusa kwetu," akasema. "Leo nimekwenda kusujudu, nikajikuta nimelala kifuani kwa mama yangu. Nilishindwa kuinuka. Mungu anisamehe."

Mama yangu alikaa chini karibu naye, akamshika bega. Kisha Bi Mwanahawa akajifuta uso kwa ile kanga, akageuka, akaiona sahani.

"Hicho nini?"

"Kuku, mama," Sauda akajibu kwa sauti ndogo.

"Kuku nimemwacha Mikumi. Papa mmemficha wapi?"

Mama Neema alikuwa anasikiliza uani kwake, sina shaka na hilo, kwa sababu kabla mtu hajamwita lile pipa lilishaanza kubiringika kurudi. Sauda akamkaanga papa, akamtia nazi, na Bi Mwanahawa alikula mpaka akalamba vidole. Alimwita Sauda "mwanangu" kabla ya kunawa mikono.

Jioni wakaaga. Nikaona kitu ambacho wakubwa wote walikuwa hawakioni: mgeni anaondoka na kanga yetu! Ile nyekundu, kanga bora ya mama, iko mabegani mwake naye anakwenda zake stendi kama vile ni yake. Nikamwangalia mama. Mama anapunga mkono. Nikatoka mbio barabarani, vumbi linanirukia.

"Kanga yetu! Rudisha kanga yetu!"

Mtaa mzima uligeuka. Bi Mwanahawa akasimama, akanisubiri nimfikie, na kwa mara ya kwanza siku ile nikayaona meno yake yote.

"Nitairudisha, mwanangu," akasema. "Tena si moja."

Nikarudi nyumbani nikilia kwamba tumeibiwa. Mama na Sauda walikuwa wameshikana wanacheka, hasa Sauda, alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Mjinga wewe," mama akanivuta mapajani pake. "Mwanamke akiondoka na kanga ya nyumba, ameahidi kurudi. Na kanga ya kuazima hairudi mikono mitupu. Dada yako ameshaposwa, wewe unakimbiza kanga."

Alirudi kweli. Siku ya mahari alikuja na doti mpya nne, akampa mama zote, na mabegani alikuwa amejitanda ile nyekundu.

"Na yangu?" mama akauliza.

"Yako bado inanukia. Ikiisha harufu nitakuletea."

Utani huo ulidumu miaka yote. Kila walipokutana, kwenye harusi, kwenye uzazi wa watoto wa dada, mama alidai kanga yake, na Bi Mwanahawa alijibu kuwa bado inanukia, jambo ambalo hata mbuzi asingelikubali. Wakawa marafiki hasa, wa kutumiana unga na papa na maneno ya simuni. Alipofariki, mama hakulia mbele za watu. Aliniambia tu kwenye simu, "Mdeni wangu amekwenda." Kisha akakata.

Basi ndiyo safari niliyokuwa nayo na kile kichupa cha Dumila mkobani. Nikampitia mama Kilosa, tukafika Mikumi kwa Sauda. Kesho yake asubuhi hitma ikasomwa, watu wakala, wakatawanyika. Tulipobaki wenyewe Sauda akaingia ndani akatoka na kitu alichokikunja vizuri.

"Mama, alisema hii ni ya kwako."

Ile kanga nyekundu. Rangi imekwisha, maandishi yamebaki nusu, *mwenyeji apone* ndiyo pekee yanayosomeka. Mama akaishika kwa mikono miwili, akaipeleka puani. Alivuta pumzi ndefu. Akavuta tena. Kisha akaishusha mapajani, na uso wake ukawa wa mtu aliyefungua mlango akakuta chumba kitupu.

"Sabuni tupu," akasema.

Nikatoa kichupa. Mama akanitazama kwa shaka.

"Ina pombe hiyo? Maana sijaswali."

"Mafuta matupu, mama. Lete upindo."

Nikapaka matone machache kwenye upindo, nikasugua kwa kidole. Joto la Mikumi lilifanya kazi iliyobaki. Ikaja chumvi. Ikaja mbao, na Sauda aliyekuwa anakusanya vikombe akasimama, akageuza kichwa kuelekea chumbani, kana kwamba amesikia bawaba zikilia.

"Umeitoa wapi hii?" mama akauliza.

"Dumila."

"Dumila tangu lini kuna bahari?" Lakini alikuwa ameshaiweka puani tena, na safari hii hakuishusha.

Adhuhuri ikaingia. Mama akatawadha, akajitanda kanga ile, akaswali pale pembeni ya ukumbi. Akarukuu polepole kwa sababu ya magoti yake. Akasujudu, kanga ikamwangukia usoni, na huko akabaki. Sauda akaniangalia. Nikamwangalia. Hakuna aliyemziba mwenzake mdomo, maana hakukuwa na mtoto wa kuropoka. Tulikaa kumsubiri, na kama angekaa huko mpaka alasiri tungemsubiri.

Kulipopoa kidogo tukaaga. Mama alikuwa ameshapachika mkoba begani, kanga nyekundu ikiwa bado mabegani mwake, ndipo Sauda akamshika mkono kwa utani, machozi yakimlengalenga.

"Mama, hiyo imekaa hapa miaka yote. Ni ya nyumba hii sasa."

Mama akajitanda vizuri zaidi, akaanza kwenda.

"Nitairudisha, mwanangu," akasema. "Tena si moja."